Wimbo ya Mujusi

"Ile haiko ndege."

"Haiko ndege? Na manyoya yote ile?"

"Manyoya gani? Nionyeshe unyoya moja. Moja tu, Citoyen."

"Macho yako iko wapi, Mwalimu? Hii hapa, na hii, na hii! Hata mutoto wa kunyonya anaona."

"Mimi naona mistari. Mukeka pia iko na mistari. Mukeka itaruka?"

"Mumesikia? Wananchi, mumesikia? Mwalimu anasema ndege yetu ni mukeka!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Walijaa mbele ya nyumba ya chama, wengine wamepanda juu ya ukuta, wengine wamevuka muto na pirogue kutoka Alunguli, juu ya kuona jiwe tu. Jiwe yenyewe ilikuwa juu ya meza, wameitandikia kitambaa ya kijani, kama maiti ya muntu mukubwa.

Mwenye kusema ni ndege alikuwa Citoyen Kalume, mukubwa wa chama ya muji. Abacost yake, ile koti ya chama bila tai, ilifungwa mpaka shingoni, na jasho ilikuwa inashuka ku masikio. Zamani aliitwa Florentin. Tangu majina ya kizungu ilikatazwa na kila muntu akawa Citoyen, ni kusema raia, ukimuita Florentin alikuwa anakuangalia kama vile umemuvua suruali sokoni.

Mwenye kukataa alikuwa Mwalimu Masudi. Alikuwa anafundisha mambo ya wanyama na miti kwa wanafunzi wakubwa. Muntu mwembamba, kofia nyeupe ya kushonwa na mukono, sauti ndogo. Ukitaka kumusikia, lazima ufunge mudomo, na siku ile hakuna mwenye alitaka kufunga mudomo.

Kati yao, nyuma ya meza, alisimama Bulaimu. Yeye njo alipata jiwe. Mukono yake moja ilikuwa ndani ya mufuko ya suruali, na ndani ya mufuko ilikuwa inabana kitu, inabana mpaka vidole inauma. Hiyo kitu njo ingemaliza ugomvi wote. Watu watatu tu walijua kama kitu ile iko duniani: Bulaimu, Mwalimu na muke wake. Mwenye alijua kama iko mu mufuko, ni Bulaimu peke yake.

Bulaimu alikuwa anabeba mizigo ku gare, kila treni ikifika. Masomo aliacha mapema. Watu walisema masomo ilimushinda. Uongo. Kukaa njo kulimushinda. Ukimuweka ku kiti, chai haijachemka ameshaanza kutikisa miguu, anapiga meza na vidole, anaimba chini chini. Siku moja mukubwa wa masomo alimuambia atoke inje. Akatoka, hakurudi. Nyumbani walilia. Walimu wengine wakimukuta njiani walikuwa wanamupita kama vile wanapita jiwe. Mwalimu Masudi peke yake njo alikuwa anasimama: "Bulaimu, baba, umekula? Kuja uone kitu." Kitu yenyewe kila mara takataka: kichwa ya nyoka ndani ya chupa, kiota, jino ya kiboko. Bulaimu alipenda ile takataka sana, ila hakusemaka.

Mahali alikuwa mufalme, ni mu animasio. Miaka ile kila muji ilikuwa na kundi ya kuimbia chama na kucheza mbele ya wakubwa wakishuka ku treni. Kundi ya Kindu, Bulaimu njo alikuwa mbele. Na animasio iko na kazi yake. Mwenye kuongoza anatupa swali, na mara ya kwanza anawapa watu jibu. Kisha jibu inakuwa ya watu. Swali unaweza kubadilisha vile unataka, hata mara mingi. Jibu, wanashika wao.

Sasa jiwe. Jumamosi moja walikuwa ku salongo, ile kazi ya bure yenye kila muntu alilazimishwa. Njia ya Lokandu ilikuwa imekufa na mashimo, chama ikasema watu wavunje mawe wajaze. Bulaimu alikuwa anapiga nyundo kwa hasira bila kuangalia, na jiwe moja nyeusi ikafunguka kama kitabu. Ndani kulikuwa munyama.

Mifupa tu, lakini kila mufupa mahali yake. Ukubwa ya kuku. Shingo imekunjwa nyuma, mukia murefu kama ya panya, meno ndogo ndogo kama ya musumeno, mikono na vidole tatu tatu zenye kucha. Na pembeni ya mikono, mistari laini, imepangwa moja moja kama kitana.

"Ni kuku," Célestin akasema. Célestin alikuwa mupiga ngoma wa kundi, rafiki ya Bulaimu; kati ya marafiki majina ya zamani ilibaki.

"Kuku na meno? Kuku wa nani huyo?"

"Wa mama-mukwe wako!"

Bulaimu akafunga jiwe na kamba nyuma ya kinga yake, baiskeli ya zamani, akakanyaga pedale mpaka kwa Mwalimu. Karibu kufika, ku mutelemko, akaanguka, yeye na kinga na jiwe. Munyama hakuguswa. Kipande ya pembeni tu njo ilitoka, kubwa kama kiganja. Akaitia mufukoni, akafika.

"Mwalimu, nimeharibu."

Mwalimu hakumusikia. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiwe, kofia mukononi. "Bulaimu, mwanangu, unajua hii ni nini?"

"Hapana."

"Hata mimi sijui!" Na akacheka vile Bulaimu hakupata kumuona anacheka.

Waliosha jiwe ndani ya beseni ya Mama Aziza, muke wa Mwalimu, na Mama Aziza akapiga makelele: "Beseni yangu ya unga! Munaoshea mapepo ndani!" Kisha naye akainama kuangalia. Mwalimu akaleta kitabu ya zamani yenye haina tena jalada, akafungua picha ya jiwe ingine, ya kule kwa Wajerumani. Ndani ya ile pia kulikuwa munyama, amekunja shingo vile vile.

"Hii ilikuwa na meno," Mwalimu akasema. "Na mukia ya mifupa, na kucha ku mabawa. Tangu wazee wa wazee wetu watu wanagombana juu yake: ni ndege, ama ni ndugu ya mijusi? Basi meno haitatuambia kitu. Mukia haitatuambia kitu. Kitu yenye ilimupa huyu jina ya ndege ni manyoya. Sasa tuangalie yetu. Kila kitu iko hapa, pembeni ya mikono."

"Na hii?" Bulaimu akauliza, akatosha kipande mufukoni.

Wakairudisha mahali ilivunjikia. Ikashikana vizuri. Na Bulaimu, mwenye hawezi kukaa, akaanza kufwata mistari na kidole. Mistari ilitoka ku mukono ya munyama, ikapita vidole, ikapita kucha, ikaingia ku kipande, ikaendelea kule mahali hakuna tena munyama. Na kule mwisho, yote ikakutana ku kitu kama kijiti.

"Mwalimu. Hii haishike ku mukono. Inashika hapa."

Mwalimu akaweka uso karibu, karibu, mpaka pua ikagusa maji. "Majani," akasema. "Alikufa, akaanguka juu ya majani. Aa, Bulaimu! Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona mabawa. Weye njo umeona."

Bulaimu akakosa mahali pa kutia mikono. Muntu mukubwa hakupata kumuambia neno kama ile.

"Bila kipande hii," Mwalimu akasema, "kila muntu atasema manyoya, na hatuna kitu ya kumujibu. Ichunge."

Bulaimu akasema ku atelye ya gare kuko Jérôme, fundi mwenye iko na gundi ya kushika mpaka chuma. Atapeleka kipande, ataomba gundi, watarudisha pamoja. Njo vile kipande ikabaki mu mufuko yake. Hajafika kwa Jérôme, Citoyen Kalume ameshasikia habari, ametuma vijana, jiwe imeshabebwa ku nyumba ya chama.

Na Kalume akamuita Bulaimu, akamukalisha ku kiti ya ngozi.

"Kijana, weye unajua umefanya nini? Ndege wa kwanza wa dunia alizaliwa Zaïre! Hapa, Maniema! Wazungu watakuja hapa na kofia mukononi. Siku kuu ya chama tunabeba jiwe Kinshasa. Kundi yote inaenda kuimba mbele ya wakubwa, na weye mbele."

Bulaimu hakupata kufika mbali kupita Kampene. Alijiona anashuka Kinshasa, nguo ya chama inangaa, watu elfu wanangoja aanze. Kalume hakumuuliza kama jiwe ilikuwa na kipande ingine. Na yeye hakusema. Aliwaza: nitasema kesho. Kesho yake aliwaza vile vile.

Sasa turudi mbele ya meza.

"Wajerumani wako na ndege yao ya zamani," Kalume alikuwa anaita. "Na meno, na mukia, sawa na huyu! Wao wanakubaliwa, sisi tunakatazwa. Juu ya nini? Juu huyu ni Muzairwa?"

Makofi.

"Yao iko na manyoya ya kweli," Mwalimu akasema.

"Nani alikuambia?"

"Kitabu."

"Kitabu ya nani?"

Mwalimu alikuwa muntu wa kusema kweli hata mahali kunyamaza kungetosha. "Ya wazungu."

"Aaaa!" watu wakasema, wote pamoja, kama vile wamemushika mwizi ku dirisha.

"Na meno, Mwalimu? Ndege iko na meno?" mwingine akauliza kutoka juu ya ukuta.

"Meno si kitu. Ndege wa zamani anaweza kuwa na meno."

"Kuku ya bibi yangu pia iko na meno, inaniuma kila siku!"

Mwalimu akangoja kicheko iishe. Haikuisha, akasema katikati ya kicheko: "Sikieni. Kama hii ni manyoya, mimi njo nitakuwa wa kwanza kuimba ndege. Lakini haikumalizika hapa. Angalieni pembeni, jiwe imevunjika. Kulikuwa kipande. Ku ile kipande mistari inaendelea mahali hakuna mukono, hakuna munyama, na inaonekana wazi kama ni majani. Bulaimu njo aliona. Si mimi, ni yeye." Akageuka. Uso yake ilikuwa imetulia kabisa, kama uso ya muntu mwenye anaita ndugu yake. "Bulaimu, baba. Waonyeshe kipande."

Watu wakanyamaza kwa mara ya kwanza.

Bulaimu alisikia kipande inamuchoma kiganja. Kalume alikuwa anamuangalia. Kundi yote ilikuwa inamuangalia, na Célestin na ngoma yake katikati ya magoti. Mukono ilitaka kutoka. Akaisikia kabisa inataka kutoka.

"Ilipotea, Mwalimu," akasema.

"Ilipotea?"

"Ilipotea. Ku mutelemko. Sijui."

"Imepotea!" Kalume akapiga mikono. "Wananchi, shahidi ya Mwalimu imepotea!"

Mwalimu hakukasirika. Hiyo njo ilikuwa mubaya. Alimuangalia Bulaimu tu, na kusikitika, kama vile anataka kusema pole, hata mimi ninapoteza vitu. Bulaimu hakuweza kubeba yale macho. Na Kalume akapaaza sauti: "Basi ugomvi imekwisha! Bulaimu, tuimbie!" Na Bulaimu akaona mulango ya kutoka. Akaruka mbele ya meza, akapiga mukono, akatupa neno ya kwanza yenye ilimufikia mudomoni:

"Mwalimu, unaona nini?" Akajibu mwenyewe: "Mujusi!"

Ngoma ya Célestin ikaingia.

"Juu ya muti, unaona nini?"

"Mujusi!" watu wakajibu.

"Kasuku anaruka, unaona nini?"

"Mujusi!"

Wakaanza kucheza. Vumbi ikapanda. Na Bulaimu akiwa ndani ya wimbo alikuwa hasikii tena kitu, hana haya, hana mufuko, iko tu na sauti. Maneno ilikuwa inakuja bila kuitwa.

"Kuku ya Mama Aziza, Mwalimu, ni nini?"

"MUJUSI!"

Ku Kindu, kati ya watu wa kuswali, mujusi ni uchafu. Ikianguka ndani ya chakula, chakula inatupwa. Na Mama Aziza alikuwa anauzisha kuku wa kuchoma na mayai ya kuchemsha ku gare, kila treni ikifika. Bulaimu alikula ile mayai tangu angali mudogo. Akaimba vile vile.

Wimbo ikimalizika, akatafuta kofia nyeupe katikati ya watu. Haikukuwa tena pale.

Basi wimbo ikatembea. Wanawake waliitwangia pondu ya mihogo. Wapiga kasia waliivukia muto. Watoto hawakujua jiwe, hawakujua chama, lakini wakiona kofia nyeupe inakata kona walikuwa wanaanza: "Mwalimu, unaona nini?" Mwalimu akaanza kupita nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo. Haikusaidia, mbele ilikuwa darasa. Akiandika ku ubao, mutoto moja nyuma anauliza pole pole na pua, na darasa yote inajibu na midomo imefungwa, mm-mm-mm. Akigeuka, wote wako wanaangalia daftari. Wakamuita Baba Mujusi. Siku moja aliweka chaki chini, akatoka, akakaa inje ku ngazi mpaka kengele ikalia. Kisha siku ingine tena. Watu wakaanza kusema Mwalimu atatolewa ku kazi, juu mwalimu mwenye hawezi kusimama mbele ya watoto ni wa nini?

Ku gare, treni ikisimama, wasafiri walikuwa wanafunua sahani ya Mama Aziza na vidole viwili. "Mama, hii ni mayai ya nani?" Na kicheko. Mama Aziza alikuwa anacheka nao. Bulaimu, muzigo ya muntu mwingine begani, alikuwa anamuona anacheka, na alikuwa anapita upande ingine wa wagoni.

Jiwe ilipanda ndege. Watu walicheka sana juu ya hiyo, ndege ndani ya ndege. Kalume alisafiri nayo, yeye na wapwa wake. Kundi haikuitwa. Aliporudi alisema Kinshasa walifurahi, na hakusema ingine. Bulaimu hata hakukasirika. Alikuwa ameshaanza kuona Kinshasa kama chakula yenye imeingia mujusi.

Akaenda kwa Mwalimu. Mama Aziza alikuwa mbele ya mulango anachagua mchele ku lungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwalimu analala."

Ndani Mwalimu akakohoa, kikohozi ya muntu mwenye hajalala hata kidogo. Wote wawili walisikia. Mama Aziza akaendelea kuchagua mchele.

"Mama, mimi... ile wimbo."

"Wimbo iko muzuri. Hata mimi nimejikuta naiimba mbele ya jiko." Akatupa jiwe ndogo inje ya lungo. "Bulaimu, nilikuwa nakuosha masikio ungali mutoto. Sema unataka nini."

Akatosha kipande, akaionyesha. Mama Aziza akaitambua. Alikuwa ameinama juu ya ile beseni na yeye. Hakuuliza ilitoka wapi, na Bulaimu, juu hakuulizwa, hakusema.

"Nataka kutengeneza," akasema. "Mbele ya watu wote. Nitageuza wimbo. Watu wataimba kweli sasa, vile waliimba uongo."

"Hapana."

"Mama, mimi najua kundi, wananifwata..."

"Hapana, mwanangu. Usiimbe. Simama tu, useme na mudomo. 'Kipande njo hii, Mwalimu alisema kweli.' Imekwisha. Unasikia? Usiimbe."

"Ndiyo, Mama."

Lakini akirudi njiani, aliwaza kusimama. Kusimama tu, mikono chini, Kalume mbele, kundi pembeni, na kusema, bila ngoma, bila kupiga mikono. Hakupata kufanya hiyo hata siku moja ya maisha yake. Kuimba, aliweza. Na akajidanganya: wimbo njo iliharibu, wimbo njo itatengeneza, sauti ile ile, juu sauti ile watu wote wameshaijua. Atabadilisha jibu tu. Mujusi itatoka, majani itaingia. Akafundisha Célestin na wengine kidogo ndani ya wagoni tupu. Wakaimba vizuri, "Majani!", mpaka Bulaimu akajisikia mwepesi.

Jumamosi wote walikuwa tena ku njia ya Lokandu, juu mvua ilikuwa imekula mawe yenye walijaza. Majembe, vikapu, wanawake na watoto mugongoni. Kalume alikaa ku kiti ya kukunja chini ya mwavuli. Mwalimu Masudi alikuwa mbali kidogo, peke yake ku mufereji, anakata nyasi na panga. Hakuna mwenye alikata karibu yake. Si chuki. Walikuwa tu wanajua wakimukaribia watacheka.

Bulaimu akapanda juu ya mafungu ya mawe. Akanyanyua kipande juu. "Wananchi!" Watu wakaacha kazi kwa furaha. Mwalimu akanyoosha mugongo, akaona kitu yenye iko ku mukono ya Bulaimu, na akakuja hatua kidogo. Hapo njo ilikuwa wakati. Watu walinyamaza. Neno ilikuwa kidogo tu. Bulaimu akafungua mudomo, akaona mwavuli ya Kalume, na akamufanyia Célestin ishara na kichwa.

Ngoma ikaanza.

"Mwalimu, unaona nini?"

"Majani!" Célestin na wale wa wagoni wakajibu.

Hakuna mwenye aliwasikia. Njia yote, kutoka majembe ya mbele mpaka vikapu ya nyuma, ilijibu kwa nguvu moja: "MUJUSI!"

"Hapana! Majani! Sikieni, majani! Mwalimu, unaona nini?"

"MUJUSI!"

"Mistari ilikuwa nini?"

"MUJUSI!"

"Majani, nasema majani!"

Na mama moja mwenye sauti ya kengele, jembe begani, akaona hapa kuko swali mupya, akaitupa: "Majani anakula nani?"

"MUJUSI!"

Lo, watu walifurahi! Wakaangusha majembe, wakacheza ndani ya mashimo, watoto mugongoni wanatikisika. Célestin, mukono yake ilikuwa imefwata watu, haikuweza tena kusimama. Kalume alikuwa anapiga mikono chini ya mwavuli. Bulaimu alikuwa anaita "Nyamazeni! Nyamazeni!", na hata hiyo, wale wa mbali waliijibu.

Akashuka. Akapita katikati yao, wanamupiga mabega, wanamusifu, "Kijana, weye ni shetani!" Uso ilikuwa inawaka. Akafika ku mufereji. Mwalimu alikuwa bado amesimama pale pale, panga chini.

Bulaimu akanyoosha tu mukono na kipande.

Mwalimu akaipokea. Akapangusa matope na pindo ya shati, akaigeuza ku jua. Na makelele yote ile nyuma, uso yake ikafunguka kidogo, vile ilifunguka siku ya beseni.

"Unaona?" akasema. "Mushipa wa katikati, na midogo inatoka huku na huku. Majani kabisa." Akamuangalia Bulaimu, na macho yake ilikuwa mazuri. "Ulirudi ku mutelemko kutafuta? Ndani ya mvua hii yote? Pole, baba."

Uongo ilikuwa tayari, imewekwa mbele yake kama kiti. Ndiyo, Mwalimu, nilirudi. Imekwisha. Kesho angekaa tena mbele ya ile mulango, angeonyeshwa kiota ama jino ya kitu, angeitwa mwanangu.

"Hapana," Bulaimu akasema. Sauti ilitoka ndogo, hata yeye hakuitambua. "Haikupotea."

"Vipi?"

"Haikupotea, Mwalimu. Ilikuwa mu mufuko."

"Mufuko gani?"

Bulaimu akagusa suruali yake. "Hii."

Mwalimu akaangalia mufuko. Ilikuwa ile ile suruali. "Siku ile? Mbele ya meza?"

"Siku ile."

"Wakati nilikuuliza."

"Wakati uliniuliza. Niliishika na mukono."

Nyuma walikuwa wameanza tena kutoka mwanzo. Mwalimu akangoja mpaka jibu ikapita, mara moja, mara ingine. Uso yake haikukunjamana. Ilifungwa tu, pole pole, kama nyumba yenye wenyewe wanasafiri. Kisha akashika mukono ya Bulaimu, akaweka kipande katikati ya kiganja, akamukunja vidole moja moja, vile wanafanyia mutoto mwenye wanamutuma dukani na pesa, asipoteze.

Akainama, akaokota panga yake, akageuka, akashika njia ya muji.